Daktari wa Michezo Asiishie Uwanjani

Tangu Uganda, Kenya na Tanzania zipewe uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, wito umekuwa mmoja: tufundishe madaktari bingwa wa michezo. Nauunga mkono. Ninachokipinga ni kupanga mafunzo hayo kana kwamba mgonjwa pekee ni mchezaji anayeonekana kwenye televisheni.

Mwenzetu mmoja wa bweni aliteguka goti katika mechi ya kawaida. Alipakiwa kwenye bodaboda hadi zahanati, akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa aache mpira. Hakuna aliyelipima goti lake. Muda si mrefu mama yake, mgonjwa wa kisukari, aliambiwa na daktari afanye mazoezi. Mazoezi gani? Kwa muda gani? Hakuambiwa. Mtoto alikatazwa kucheza, mama akaamriwa kujishughulisha, na wote wawili hawakupata mwongozo. Hilo ni pengo moja, si mawili.

Uingereza iliitambua fani hii kuwa ya ubingwa mwaka 2005, mwaka uleule London ilipopewa Olimpiki za 2012. Lakini tazama jina waliloipa: tiba ya michezo na mazoezi. Sisi tunashika neno la kwanza na kulisahau la pili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Daktari asiyejua kumpangia mgonjwa dakika hizo kulingana na moyo wake, magoti yake na kazi yake, huyo anatoa dawa bila kipimo.

Sisemi uwanja usahaulike. Mwaka 2003 Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka uwanjani Lyon akafa. Mwaka 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London. Moyo wake ulisimama dakika 78, akapona, kwa kuwa waliomhudumia walijua la kufanya na hawakukata tamaa. Basi kila mwanafunzi wa ubingwa huu afunzwe kuokoa moyo uliosimama. Afunzwe pia kumtoa mchezaji aliyegongwa kichwa na kukataa kumrudisha siku hiyo, hata kocha akifoka. Anayelipwa na timu hushawishika kuitumikia timu. Ujasiri wa kusema hapana nao utahiniwe.

Lakini sehemu kubwa ya mafunzo ifanyike katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu, shuleni, na katika hospitali za wilaya. Na kila bingwa awajibike kuwafundisha matabibu wa vituo vidogo, maana ndio watakaomwona mchezaji wa kijijini kwanza.

Wapo watakaosema hii ni anasa, wakati wodi za wazazi hazina madaktari wa kutosha. Ingekuwa anasa kama tungewafundisha mabingwa kumi wa kukaa kando ya timu kumi. Bingwa anayepunguza wagonjwa wa kiharusi, na kumrudisha shambani mkulima mwenye goti bovu, anaipunguzia hospitali mzigo.

Walimu wetu mnaoandaa mitaala, mashindano ya 2027 yatapita. Mama wa mwenzetu bado atakuwa akisubiri kuambiwa atembee dakika ngapi.