Sonona Haipimwi kwa Barua ya Onyo

Mwalimu mmoja ninayemfahamu, mtu aliyesifika kwa kufika shuleni kabla ya wanafunzi wake, alianza kuchelewa. Madaftari yakalundikana mezani bila kusahihishwa. Alipotakiwa kujieleza kwa maandishi hakuwa na la kueleza, maana hata yeye hakujua kilichompata. Ikafuata barua ya onyo. Zahanati alikwishakwenda mara tatu akilalamikia kichwa na uchovu, na kila mara akapimwa malaria. Nusu mwaka ilipita kabla ya tabibu mmoja kumwuliza jambo ambalo hakuna aliyepata kumwuliza: ni lini mara ya mwisho ulipofurahia kitu chochote?

Swali hilo ndilo mwanzo wa kuipima sonona. Wako ndugu wengi, na wasomi wamo, wanaodhani kwamba ugonjwa usioonekana kwa darubini si ugonjwa. Ni kweli kwamba hospitalini hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha sonona. Damu huchukuliwa ili kuondoa shaka ya maradhi mengine, kama vile upungufu wa damu, ambayo nayo humchosha mtu na kumwondolea raha. Kipimo chenyewe ni mazungumzo, lakini si mazungumzo ya barazani. Yana kanuni zake.

Kanuni hizo zimo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ambayo toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022. Sharti mtu awe na huzuni, au awe amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili. Pamoja na hayo ziwepo dalili nyingine, zote zikitimia angalau tano: usingizi kuharibika, chakula kutolika au kuliwa kupita kiasi, nguvu kuisha, mawazo kutotulia, kujiona hufai, kukata tamaa, kufikiria kifo. Tena hali hiyo iwe imevuruga kazi au maisha ya nyumbani. Mpimaji hana budi kuuliza pia kama mgonjwa amefiwa, anatumia dawa gani, anakunywa pombe kiasi gani, na kama amewahi kupatwa na kipindi cha uchangamfu uliopita kiasi. Kwani huo huashiria ugonjwa mwingine, na tiba yake ni nyingine.

Mpimaji huyo ni nani? Daktari bingwa wa magonjwa ya akili, kama wale wa Mirembe na Muhimbili, ndiye mwenye elimu kubwa zaidi. Lakini mabingwa hao ni wachache mno, na mwalimu wa kijijini hawezi kuwangoja. Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika hilo lilitoa mwongozo wa kuwawezesha madaktari wa kawaida, matabibu na wauguzi waliofunzwa kuitambua na kuitibu. Ile fomu ya maswali tisa inayosambazwa huku na huko ni ya kuchuja tu. Mwenye kupata alama 10 au zaidi amwone mtaalamu. Asijibandike jina la ugonjwa.

Wala mkuu wa shule au afisa utumishi asimbandike mwenzake, si la sonona, si la uvivu. Atasema mtu kwamba kila mzembe sasa atapata pa kujificha. Hasha! Anayejificha ndiye wa kwanza kuogopa kupelekwa kwa mtu anayejua kuuliza. Basi mtumishi mwema anapobadilika ghafla, mkuu wake amwite faraghani, amwulize hali, ampe ruhusa ya kwenda hospitali. Undani wa ugonjwa si lazima aujue. Cheti cha daktari kinamtosha.

Mwalimu yule alitibiwa, na sasa anafundisha. Barua ya onyo ingali katika jalada lake, na hadi leo hakuna aliyefikiria kuiondoa.