Mzee Heckel hakukwisha ziwani

Kwenye korido ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kati ya lifti na kabati la mashuka, imetundikwa nakala ya picha ya rangi za maji: Ziwa Konstanz, vilima vya Uswisi ng'ambo, na miti michache isiyo na majani. Aliyeichora ni Erich Heckel. Niliipita miaka mingi nikisukuma viti vya magurudumu kabla sijasimama kuitazama.

Mwezi uliopita mtoto wa bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa sanaa, alinikuta nimesimama pale. Akatikisa kichwa. "Huyu alipofika ziwani alikuwa ameshakwisha," akasema, akaenda zake kumwona mama yake. Sikumjibu, maana kulikuwa na mtu anasubiri sindano yake. Namjibu leo.

Najua anamtaka Heckel yupi. Anamtaka yule wa Juni 1905, mmoja wa wanafunzi wanne wa usanifu majengo mjini Dresden waliounda kikundi wakakiita Die Brücke, yaani Daraja. Nyuso za kijani, miili myekundu, anga la manjano: rangi ilifuata roho, si jicho, ndiyo maana wakaitwa waekspreshonisti. Walikwenda makumbusho kutazama vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki, wakarudi wakashika patasi wenyewe. (Vinyago hivyo vilifikaje Dresden, hiyo ni makala ya siku nyingine.)

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, Heckel alipelekwa Flanders kuhudumia majeruhi. Hapa nakiri upendeleo: ni mwenzangu wa kazi. Mwaka 1937 Wanazi waliziondoa kazi zake 729 katika makumbusho ya Ujerumani wakiziita sanaa iliyooza, na nyingine wakazitundika Munich ili watu waje wazicheke. Januari 1944 studio yake Berlin ikateketea kwa mabomu. Mwaka huo huo akahamia Hemmenhofen, kijiji cha kando ya ziwa hili, ambako Otto Dix alikuwa ameshatangulia.

Huyo ndiye aliyekwisha?

Kuchora kando ya ziwa hakukuwa jambo geni kwake. Picha nyingi za ujana anazozisifu mwalimu wetu zilizaliwa kwenye maziwa ya Moritzburg, nje ya Dresden, walikokwenda kuogelea uchi na kuchora majira ya kiangazi kati ya 1909 na 1911. Heckel alirudi majini, basi.

Halafu itazame hiyo picha. Rangi ya mafuta ukikosea unaikwangua, kesho unapaka tena. Rangi ya maji haina msamaha. Karatasi ikishalowa, umeshasema. Kwenye ile ya korido penseli inaonekana chini ya rangi, na sehemu kubwa ya ziwa hakuipaka kitu. Maji ni karatasi tupu, na chini ya kilima kuna mchirizi mmoja wa kijivu. Ukingo wa vilima umekatika kwa pembe kali, kama mbao iliyopitiwa na patasi. Kijana wa Dresden bado yumo, ila hapigi kelele. Mimi nalisha watu kwa kijiko kila siku, nimeona mkono wa mzee unavyoutafuta mdomo. Mstari ule wa penseli haukutafuta.

Watu wa sanaa wana tabia ninayoijua kutoka vyumbani kwetu. Mgeni anaingia, anaiangalia picha ya harusi iliyo juu ya kabati, kisha anamgeukia aliyelala kitandani na kusikitika. Hakai hata dakika kumi kusikiliza huyu wa leo anasema nini.

Na Heckel wa uzeeni bado alikuwa na la kusema: kuanzia 1949 hadi 1955 alifundisha chuo cha sanaa Karlsruhe. Alifariki Radolfzell tarehe 27 Januari 1970, akiwa na miaka 86.

Ndugu zangu mlioko huku Ujerumani, mkipata siku ya mapumziko pandeni treni hadi Radolfzell, kisha basi la kwenda Hemmenhofen. Nendeni asubuhi, kabla ukungu haujaondoka majini. Mtaona ni kwa nini sehemu ile aliiacha tupu.