Mtutu wa bomba ni hatari
Mwandishi, makala nzuri, ila hapo uliposema bunduki kuukuu ikibadilishwa mtutu inakuwa mpya, sikubali. Babu yangu kule Mbozi alikuwa na gobore. Mtutu ulipoliwa na kutu, fundi wa kijijini akampachikia bomba la maji. Likapasuka siku nguruwe pori walipovamia mahindi, babu akapoteza vidole viwili. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili baruti jamani! Na wewe ndugu hapo juu unayesema Tunduma hakikosekani kipuri cha bunduki, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo. Na ile bunduki ya Mauser ya 1871 ya kwenye makala, waliyobeba askari wengi wa Mjerumani kabla kamanda wao Lettow-Vorbeck hajasalimu amri Abercorn, ng'ambo ya mpaka wetu, Novemba 1918, iacheni na mtutu wake wa asili, ikae makumbusho.