Heri kichupa cha uturi kuliko marashi feki ya jina kubwa

Wacha niseme ukweli mapema ndio tusipotezeane muda: mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikajiambia narudi muhula ujao, muhula ukawa miaka mitatu. Lakini kwa muda mrefu ukiniuliza, jibu langu lilikuwa moja: "Bado niko campo."

Na nilitaka kunukia kama msee wa campo. Siku moja nilikuwa na mkutano na ofisi fulani iliyokuwa inatafuta mtu wa kuwaandikia kurasa zao za mitandao. Nikasimama kwa mchuuzi katikati ya jiji, nikanunua marashi ya Sh500. Chupa kali, jina la Kifaransa ambalo kila mtu analijua, sanduku limefungwa nailoni. Kesho yake asubuhi nikajipulizia mara sita, nikapanda mathree pale Pipeline. Kabla hatujafika mbali, mama aliyeketi kando yangu alishafungua dirisha, kwa heshima tu, bila kusema neno.

Kufikia saa tano, nikiwa bado nangoja kuitwa, harufu nzuri ilikuwa imeenda zake. Iliyobaki ilikuwa kama siki iliyochanganywa na sabuni ya choo. Ndani waliniuliza nasomea wapi. Nikadanganya. Wakauliza namaliza lini. Nikadanganya tena. Kazi sikupata, na nilitoka hapo nikiona aibu ya mambo mawili: mdomo wangu na shati langu.

Kiswahili kina maneno mawili hapa, kunuka na kunukia. Kati yake kuna herufi moja tu. Siku hiyo niliipoteza hiyo herufi.

Sasa, maoni yangu ni haya: vijana wa mjini tunanunua majina, hatununui harufu. Na jina lenyewe mara nyingi si la kweli. Kwa pesa hiyo hiyo, au hata chini yake, kuna mafuta ya manukato yanayochanganywa kwa mikono na watu wanaojua wanachofanya, na hayajifanyi kuwa kitu kingine.

Niliyajua kwa bahati. Nilishuka Mombasa kwa harusi ya rafiki, na katika kuzurura Mji wa Kale nikaingia kwa mama mmoja mwenye meza ndogo na vichupa kama arobaini hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wataka nini?"

Nikamwambia nataka ile inayofanana na lile jina la Kifaransa. Akacheka. "Hiyo kanunue kwa wenyewe. Mimi nachanganya zangu."

Akanidondoshea tone moja kwenye kifundo cha mkono, pale mshipa unapopiga, akanikataza kusugua. Mimi tayari nimeshika pochi. Yeye akaniambia niende nizunguke, nirudi baada ya alasiri. Nikamuuliza, na nisiporudi? "Basi haikuwa yako."

Jo, sijawahi kuona muuzaji anayekataa pesa yako namna hiyo. Nikaenda. Robo saa ya kwanza nilinukia karafuu tu, karafuu kali, kama niko kwa daktari wa meno. Nikapita Fort Jesus nikijuta. Nilipofika Marikiti kwenye vibanda vya viungo, karafuu ilikuwa imetulia na asmini imejitokeza. Alasiri nilibaki na kitu kikavu, kitamu kidogo, kama mbao mpya na moshi wa mbali. Niliporudi alininusa mkono akasema, "Sasa ndiyo yako. Ile ya kwanza ni ya kuuzia tu." Nikalipa Sh350 kwa kichupa cha mililita tatu.

Nimekuwa nikipaka mafuta tangu siku hiyo, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, mafuta hayapigi kelele. Marashi ya kupuliza yana spiriti nyingi, na spiriti ikiruka inabeba harufu hewani, ndiyo maana mtu akiingia chumbani unamjua kabla hujamwona. Mafuta hayana hiyo spiriti. Yanakaa kwenye ngozi na joto la mwili linayaachilia polepole. Anayekunusa ni yule uliyemkaribisha karibu. Kwenye mathree iliyojaa, huo ni ustaarabu.

Pili, ngozi yako ni sehemu ya mchanganyiko. Uturi uleule nilimpaka mwenzangu wa keja, kwake asmini ndiyo ilishinda hadi jioni, kwangu ilipita haraka. Na Julai, Nairobi ikiwa baridi na ngozi imekauka, mafuta yangu yalilala kabisa hadi nilipoanza kupaka losheni isiyo na harufu kwanza.

Tatu, yana ubaya wake pia. Yalinitia doa shati jeupe halikutoka. Mchanganyiko mmoja wenye mdalasini mwingi uliniwasha shingo siku mbili. Mafuta ya baadhi ya matunda jamii ya limau yanaweza kukuunguza ngozi ukiyapaka halafu uende juani. Kwa hivyo jaribu tone moja kwenye mkono, ngoja hadi kesho, halafu uamue.

Kuna watu wangu wakininusa wananiuliza, "Kwani umesilimu?" Wengine wanasema hayo ni ya wazee wa Pwani na maharusi. Ni kweli Waislamu wengi wanapenda mafuta kwa sababu hayana pombe, na bila wao huenda sanaa hii tungeisikia tu kwenye hadithi. Lakini harufu haiulizi kitambulisho. Ubani ule ule unaofukizwa nyumbani Lamu unafukizwa pia kanisani kwa Wakatoliki, na miti inayotoa utomvu wa aina hiyo inaota hata huku kaskazini mwa Kenya.

Tena lugha yetu wenyewe imejaa haya mambo. Uturi, halwaridi, ambari, miski, zabadi, udi. Tulikutana nayo darasani kama msamiati wa mtihani tukaisahau. Neno uturi ni ndugu wa attar, jina ambalo Wahindi wanaita mafuta yao, na yote mawili yana mizizi katika Kiarabu. Kule Kannauj, India, wanachoma udongo kwenye tanuri, wanaupika kwa maji na kukusanya mvuke wake ndani ya mafuta ya msandali, hadi wapate harufu ya mvua ya kwanza ikigonga ardhi kavu. Nilionja tone moja la hayo Eastleigh. Nilikumbuka shamba la nyanya mwezi wa tatu, nikanyamaza kama dakika nzima.

Swali gumu zaidi ni la pesa. Mtu ataniambia, wewe unaongea manukato na watu hawana unga? Namwelewa, mimi pia kuna jioni nimelala na chai. Lakini tupige hesabu. Mililita moja ni matone kama ishirini, kwa hivyo kichupa changu kina kama sitini. Natumia mawili kwa siku, kinanisukuma mwezi. Hiyo ni Sh12 kwa siku, chini ya bei ya smokie. Ile feki ya Sh500 niliimwaga wiki ya pili. Na mtu anayelala chumba kimoja na jiko lake anajua vizuri kwamba kutoka nje bila harufu ya mafuta taa si madoido. Ni namna ya kusimama wima mbele ya watu.

Ila msinielewe vibaya, si kila kichupa ni cha haki. Hata kwenye mafuta kuna uongo. Ukiuziwa "udi safi" kwa Sh200, jua umeuziwa hadithi. Udi halisi unatoka kwenye mti wa Aquilaria wa Asia, na mti huo hutoa ile harufu pale tu unapojeruhiwa na kushikwa na kuvu, ndipo unatengeneza utomvu mweusi ndani ya mbao. Miti imekatwa sana hadi biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Msandali wetu wa Kenya nao ulipigwa marufuku kuvunwa mwaka wa 2007 kwa sababu ya kukatwa ovyo. Vitu kama hivyo haviwezi kuwa bei ya chapati mbili na madondo.

Mchanganyiko wa maabara si dhambi. Yule mama wa Mji wa Kale aliniambia waziwazi kwamba udi wangu si wa mti, ni wa kutengenezwa, ila karafuu na asmini ni za kweli. Nilimwamini kwa sababu alisema kabla sijauliza. Hiyo ndiyo tofauti yake na yule wa Sh500. Wote wawili waliniuzia kitu cha bei nafuu, lakini mmoja aliniambia ni nini.

Kwa hivyo ukienda kununua, iwe Eastleigh au Mombasa, uliza kilichomo ndani. Uliza ni nini cha mmea na nini cha maabara. Omba upakwe, halafu toka nje ukae masaa matatu. Muuzaji akikasirika kwa maswali hayo, shukuru na uende zako. Na akikujibu vizuri, tafadhali usimkatie bei hadi atokwe jasho. Kuchanganya hadi vitu vitano vikubaliane ni kazi ya miaka, na hakuna anayempa cheti.

Mwezi uliopita nilikuwa tena kwenye ofisi nyingine, kiti kingine cha kungojea. Nilipaka matone mawili asubuhi, moja kila mkono, basi. Dada wa mapokezi alipoinama kunipa fomu aliniuliza napaka nini. Nikamwambia. Ndani wakaniuliza nilisomea wapi.

Nikasema, "Niliacha mwaka wa pili, karo ilikwama. Lakini naweza kuwaonyesha nilichoandika tangu hapo."

Walisema watanipigia. Bado nangoja simu, na kichupa kimebaki matone kama kumi. Ijumaa namtumia yule mama pesa kwa M-Pesa, ananitumia kingine kwa basi.