Kokwa la Embe kutoka Bagamoyo

Leo nataka mtembee nami kidogo.

Mwezi wa Desemba tulitoka Kilosa saa tisa za usiku, basi limejaa, na wenzetu wa Mikumi tukawachukua njiani. Kulipokucha tulikuwa tunapita bonde la Mkata, ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Watoto wakashangilia twiga na tembo. Bibi mmoja mzee aliyekaa nyuma yangu hakushangilia. Alisema taratibu, "Huku ndiko walikopitishwa watu wetu."

Alisema kweli. Hifadhi iliwekwa mwaka 1964, lakini zamani misafara ya kutoka bara ilivuka bonde hilo kwenda pwani. Wengine walibeba pembe, wengine walifungwa minyororo. Mwisho wa njia ile ulikuwa Bagamoyo, nasi ndiko tulikokwenda.

Ukiingia misheni ya Bagamoyo unapokewa na miembe mikubwa kwa safu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawapa mahali pa kukaa, shule na jembe. Mwaka 1872 tufani kubwa ilibomoa majengo, nao wakaanza upya. Tuliona jumba la zamani la Mapadre na baraza zake za matao, na mnara wa kanisa la kwanza, ulipopumzishwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka mbali.

Kisha tukaenda makaburini. Wamisionari wengi walikufa kwa homa wangali vijana. Mjukuu alimsomea bibi majina yao, naye akayaombea. Halafu akauliza, "Na kaka yake bibi yangu, aliyechukuliwa na msafara, jina lake limeandikwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulinyamaza.

Baadaye tulikula chakula chetu kivulini. Nikamweleza bibi kwamba bustani na mashamba ya pale yalilimwa kwa mikono ya waliokombolewa. Akaitazama miti kwa muda mrefu. Akachukua kokwa la embe, akalifunga katika pindo la kanga yake. Njia nzima ya kurudi alimtajia mjukuu majina ya ukoo wao, mmoja mmoja, naye mtoto akayaandika katika daftari la shule. Jina la yule kaka lilikuwa la kwanza.

Basi baba, nawe mama, je, katika nyumba yako nani anayajua majina hayo? Jioni ya leo, baada ya chakula, mwite mtoto na daftari lake, umkalishe karibu na mzee wenu. Wazee hawatungoji.

Kokwa la bibi limekwisha kuota.