Nyundo ya saa isifungwe usiku

Wadau, leo naweka programu pembeni, ingawa mtaona sijaenda mbali. Nyumbani kwetu Lodwar kuna saa ya ukutani tuliyoachiwa na marehemu baba, ile ya ufunguo, yenye pendulamu na nyundo ndani. Inagonga, jamani! Nyumba ni ya mabati, kwa hiyo hata jirani anajua ni saa ngapi. Jumlisha moja hadi kumi na mbili upate 78, mara mbili kwa siku ni 156, ongeza pigo moja kila nusu saa: 180. Ndugu zangu wamechoka, na shemeji ana mtoto mchanga. Wanataka nyundo ifungwe usiku, mchana iachwe.

Kwa mtu wa kompyuta wazo hilo linapendeza, si kila simu siku hizi ina kimya cha usiku? Mimi napinga. Anayeitumia saa hii hasa ni mama, ambaye trakoma ilimpofusha, kama ilivyowafanyia wazee wengi wa Turkana. Mchana mama hana haja nayo. Joto likipita nyuzi 35 ngozi yenyewe inamwambia jua liko wapi, halafu kuna mbuzi wanaotoka na kurudi, na kelele za watoto wa shule. Usiku vyote hivyo havipo. Akiamka hajui kama amelala saa moja au saa sita, na kumwamsha mtu kila mara ili amuulize hapendi. Sisi watengeneza programu tuna tabia hiyo: kitu ambacho kwa mwenzako ndiyo skrini, wewe unakiita kelele na kukizima.

Mtasema mnunulieni simu inayosema. Ipo, Android ina TalkBack. Lakini hata ukiiweka Kiswahili, simu huanza kuhesabu saa tangu usiku wa manane. Saa saba usiku inakwambia ni moja. Mama amehesabu saa kwa jua maisha yake yote, na huku karibu na ikweta macheo hayasogei zaidi ya kama nusu saa mwaka mzima. Baba alilijua hilo, akairekebisha saa igonge mara moja ikifika saa moja.

Hapa kuna utamu kwa wenzangu wa programu. Ndani mna gurudumu lenye mapengo, na ndilo linalohesabu mapigo. Nyundo haitazami mishale kabisa, inakumbuka tu ilipofikia. Sukuma mshale ovyo, utasoma saa tatu huku inagonga saba. Data mbili, na hakuna wa kuzioanisha. Sasa fikiria tukiuzuia mtambo wa kugonga saa nne usiku na kuuachia alfajiri: utaendelea pale ulipoachia jana. Mama atadanganywa na mchana pia.

Ndugu yangu mkubwa anaishi Kakuma, kama kilomita 120 kutoka hapa. Kambi ya wakimbizi ya huko ipo tangu 1992, na sokoni mwake sijaona kitu kilichokosa fundi. Akamuuliza mmoja, Mkongo, Kiswahili chake safi cha kwao. Jibu lake lilikuwa fupi: msiifunge, ivisheni ngozi. Kipande laini kwenye kichwa cha nyundo, na saa itolewe kwenye bati, kwa maana bati ndilo ngoma yenyewe.

Ngozi ya mbuzi haitafutwi Turkana. Tumeihamishia saa chumbani kwa mama, juu ya ubao mzito wenye vipande vya tairi nyuma yake. Sasa inagonga kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Mama anahesabu, mtoto analala. Aliyebaki kulalamika ni ndugu yangu akija kutoka Kakuma na kulala chumba cha pili. Aweke pamba masikioni. Yeye simu anayo, na macho ya kuisoma anayo.