Siri Isiyotamkika



Alfajiri pale Mwigobero, Musoma, mitumbwi ya kutoka Kinesi inapowasili, akina mama wauza dagaa huwa wamekwisha kufika. Siku hizi wateja, kikundi cha kuweka na kukopa, hata ada ya watoto, vyote vimo ndani ya simu.

Tuchukulie mama mmoja anapigiwa simu. "Shikamoo mama. Mimi ni wa kampuni ya simu. Umetumiwa tarakimu sita, nisomee tukurekebishie laini yako." Anasoma. Jioni WhatsApp yake iko mikononi mwa tapeli, na wenzake wa kikundi wanaandikiwa kwa jina lake: "Nimeuguliwa, nitumieni chochote." Fedha zinapotea, na uaminifu wake unatiliwa shaka.

Tusimcheke. Samsoni alikuwa na nguvu nyingi, lakini Delila alimsumbua siku baada ya siku hata akaitoa siri yake. Neno la siri lina udhaifu huo huo: kwa kuwa linatamkika, mtu aweza kubembelezwa akalitamka.

Ndiyo maana mwaka 2023 Google, na baadaye WhatsApp, walileta njia nyingine iitwayo ufunguo wa siri. Simu hutengeneza funguo mbili zinazoendana: mmoja hubaki kwetu, wa pili huwekwa kwenye akaunti. Tukitaka kuingia, tunagusa kwa kidole au kuandika namba ya kufungulia simu, nayo simu hujibu kwa niaba yetu. Alama ya kidole haitoki ndani ya simu. Hakuna neno la kukariri wala la kumtajia mtu, na ukurasa wa bandia hauwezi kuutumia ufunguo huo. Wenye simu za kisasa watauona kwenye mipangilio ya akaunti.

Hata hivyo, kufuli jipya halimwondolei mwenye nyumba wajibu wa kulinda. Yeyote ambaye kidole chake kimesajiliwa katika simu yetu ataweza kufungua, hata mwanetu aliyekiweka ili acheze gemu. Tarakimu sita nazo bado hutumwa, tusimsomee mtu. Fedha zilizo kwenye simu bado zinalindwa na namba ya siri, nayo si ya kumpa wakala wala mtoto tunayemtuma dukani. Ujumbe wa kitapeli tuupeleke kwenye namba 15040, na kwa kupiga *106# tutajua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu.

Basi leo baada ya chakula cha jioni, tukae na baba na watoto, tuifungue mipangilio hiyo pamoja. Vijana wanajua vitufe. Sisi tunajua thamani ya kinacholindwa. Tusione haya kumwuliza binti yetu.

Mungu azilinde nyumba zetu.